Mboya Alipokuwa Waziri

Aprili 1962, mkutano wa pili wa katiba ulipomalizika Lancaster House, London, Kenya ilipata serikali ya mseto. Vyama vya KANU na KADU vilikaa katika baraza moja la mawaziri, na gavana Mwingereza akabaki juu yao. Jomo Kenyatta wa KANU na Ronald Ngala wa KADU walikuwa mawaziri wa nchi. Wizara ya Kazi alipewa Tom Mboya, kijana wa miaka 31, ambaye kwa miaka 9 iliyotangulia ndiye aliyetafutwa kwanza kila makuli, makarani au vibarua wa mashamba walipogoma. Waajiri waliozoea kumwona akiingia na madai ya wafanyakazi sasa walitakiwa kumpelekea yeye mashauri yao.

Hukumbukwa zaidi kwa mambo mawili: ndege zilizowapeleka vijana wa Kenya kusoma Marekani, na risasi zilizomuua Julai 1969. Yote mawili yanastahili kukumbukwa. Lakini kati ya ndege na risasi ipo miaka 7 ya uwaziri, wizara tatu, na karatasi ambazo wengi hawazisomi. Mimi naamini kazi yake kubwa, njema na mbaya, imo katika karatasi hizo. Mfanyakazi wa Kenya anayekatwa ada ya chama kwenye mshahara wake, mfugaji wa Marsabit aliyengoja lami kwa miaka 50, rais aliyetawala bila wa kumzuia, wote hao wameguswa na kalamu ya Mboya, wajue wasijue.

Alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 Kilima Mbogo, karibu na Thika, katika shamba la mkonge la mlowezi William Northrup McMillan. Baba yake, Leonard Ndiege, alikuwa mnyapara shambani humo. Asili yao ni Kisiwa cha Rusinga, Ziwa Victoria, lakini mtoto alikulia miongoni mwa Wakikuyu na Wakamba, akazijua lugha zao pamoja na Kijaluo na Kiswahili kabla hajazoea Kiingereza. Jambo hili lina uzito katika siasa zake. Alipoanza kuomba kura, aliomba Nairobi, mji wa watu wa kila kabila, wala hakurudi nyumbani Nyanza kutafuta kiti cha ukoo. Mwaka 1961, katika Nairobi Mashariki, alimshinda Dk. Munyua Waiyaki kwa wingi mkubwa wa kura, katika mji ambao Wajaluo walikuwa wachache kuliko Wakikuyu.

Alisoma shule za misheni za Kikatoliki, Kabaa huko Ukambani, Yala, kisha Mang'u. Karo ilipokosekana aliacha masomo kabla ya mtihani wa mwisho. Mwaka 1948 aliingia Jeanes School, Kabete, akajifunza kazi ya bwana afya, na mwaka 1951 akaajiriwa na Halmashauri ya Jiji la Nairobi. Huko alikutana na ubaguzi katika umbo lake la kila siku. Bwana afya Mwafrika na bwana afya Mzungu walikagua maziwa yale yale na vyoo vile vile, na mshahara wa Mwafrika ukawa sehemu ndogo tu ya ule wa mwenzake. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye kisa cha mama mmoja wa Kizungu aliyeingia ofisini na chupa ya maziwa ya kupimwa, akatazama huku na huku, akauliza kama kuna mtu humo, na Mboya amekaa mbele yake.

Alichofanya baada ya hapo ndicho kilichomtenga na vijana wengine wenye hasira kama yake. Alichukua chama kidogo cha watumishi Waafrika wa halmashauri, kilichokuwa cha kupeleka maombi kwa unyenyekevu, akakigeuza kuwa chama halisi cha wafanyakazi chenye ada, kumbukumbu na haki ya kujadiliana. Mwaka 1953 akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vyote, lililokuja kuitwa Kenya Federation of Labour, au KFL. Alikuwa na miaka 23.

Wakati wenyewe ulikuwa mgumu. Hali ya Hatari ilitangazwa Oktoba 1952, viongozi wa chama cha KAU wakakamatwa, na Juni 1953 chama chenyewe kikapigwa marufuku. Mwafrika hakuwa na chama cha siasa cha kitaifa cha kumsemea. Vyama vya wafanyakazi vilibaki halali, kwa sababu serikali ya Uingereza na vyama vya wafanyakazi vya huko vilikuwa macho. Mboya aliuona mlango huo. Jeshi na polisi walipoifunga Nairobi Aprili 1954 na kuwazoa maelfu kwa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru katika ile waliyoiita Operesheni Anvil, KFL ndiyo iliyoandika malalamiko, ndiyo iliyopeleka habari ng'ambo. Na mwaka uliofuata, Machi 1955, makuli wa Mombasa walipogoma, alishuka pwani, akawashawishi warudi kazini shauri likaamuliwe na baraza la usuluhishi. Wengine walimwona amewauza. Uamuzi ulipotoka, mishahara ilipanda karibu theluthi.

Mgomo ule wa Mombasa una Mboya mzima ndani yake. Aliamini katika nguvu ya watu waliokusanyika, lakini aliamini zaidi katika meza ya majadiliano, tarakimu zilizoandaliwa vizuri na makubaliano yaliyotiwa saini. Akaenda Ruskin College, Oxford, kwa mwaka mmoja, akapata marafiki katika vyama vya wafanyakazi vya Marekani, akaingia Baraza la Kutunga Sheria Machi 1957, na Desemba 1958 akaongoza Mkutano wa Watu wa Afrika Yote kule Accra akiwa na miaka 28. Safari za wanafunzi zilianza 1959 kwa ndege ya kwanza yenye vijana 81. Mwaka uliofuata, kwa msaada wa familia ya Kennedy, waliondoka wengi zaidi, Wangari Maathai akiwamo. Hayo yamesimuliwa mara nyingi na vizuri, sina haja ya kuyarudia. Ninachotaka kukifuata ni kile alichokifanya alipopewa dola.

Mwaka 1962 ulikuwa mwaka wa migomo. Uhuru ulikuwa karibu, na kila aliyekuwa amevumilia mshahara duni chini ya mkoloni aliona hana sababu ya kungoja tena. Mashambani, bandarini na viwandani watu waliacha kazi, mara nyingi bila hata kuushauri uongozi wa vyama vyao. Waajiri walianza kuhamisha fedha nje. Waziri mpya wa Kazi alikuwa na njia mbili nyepesi: kuwaachia wenzake wa jana wafanye wapendavyo, au kutumia polisi kama serikali iliyotangulia. Hakuchukua hata moja. Aliwaita viongozi wa KFL na wa Shirikisho la Waajiri wa Kenya, akawaketisha pamoja na serikali mpaka Oktoba 1962 wakatia saini Mkataba wa Mahusiano ya Kazi.

Mkataba ule ulikuwa mapatano tu, haukuwa sheria, lakini kila upande ulitoa kitu cha thamani. Waajiri walikubali kuvitambua vyama, kujadiliana navyo, na kutomwadhibu mtu kwa kuwa mwanachama. Vyama vilikubali kutogoma kabla shauri halijapitia hatua zote za majadiliano na usuluhishi. Miaka miwili baadaye ilianzishwa Mahakama ya Viwanda kuyaamua mashauri yaliyoshindikana. Idadi ya migomo ikashuka. Ada za wanachama zikaanza kukatwa moja kwa moja kwenye mishahara, na vyama vilivyokuwa vikiishi kwa kuombaomba vikapata mfuko wa kudumu.

Nikiupima mkataba huo kwa hali ya nchi nyingi za Afrika miaka ile, nauona kuwa kazi kubwa. Kwingineko vyama vya wafanyakazi vilimezwa na chama tawala mara tu bendera ilipopandishwa, au viongozi wao wakatiwa ndani. Kenya ilibaki na majadiliano ya kweli, mikataba ya kweli ya mishahara, na mahakama ambayo mara kadhaa ilimpa mfanyakazi haki yake. Ila mlango aliouacha wazi Mboya uliingiwa na wengine. Mwaka 1965, KFL ilipogombana na shirikisho pinzani na damu ikamwagika Mombasa, Kenyatta aliyavunja yote mawili, akaamuru liundwe shirika moja, COTU, ambalo katibu mkuu wake angeteuliwa na Rais kutoka orodha ya waliopendekezwa. Clement Lubembe akawa wa kwanza. Sheria ya migogoro ya kazi ya mwaka huo huo ikampa Waziri wa Kazi madaraka mapana juu ya mgomo, kiasi kwamba mgomo halali ukawa kitu adimu. Kilichokuwa ahadi ya hiari kati ya watu watatu mezani kikawa amri ya mmoja wao. Mboya hakuipinga hatua hiyo. Hoja yake ilikuwa ile ile aliyoirudia tangu 1962, kwamba mwenye mshahara ni mtu mwenye bahati katika nchi ambayo wengi hawana kazi, na chama cha wafanyakazi katika nchi huru lazima kimfikirie na yule aliye nje ya lango la kiwanda. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Shida yake ni kwamba aliyenyimwa nyongeza kwa jina la wasio na kazi hakuwa na njia ya kuhakikisha kwamba nyongeza ile iliwafikia kweli.

Juni 1963 Kenya ilipata serikali yake ya ndani, Kenyatta akiwa Waziri Mkuu, na Mboya akahamia Wizara ya Sheria na Mambo ya Katiba. Hapo alikaa mwaka mmoja na nusu tu, na ni mwaka na nusu ambao mimi siwezi kumsifu kwa moyo mweupe.

Katiba ya uhuru ilikuwa ya majimbo. KADU, chama cha makabila madogo yaliyoogopa kutawaliwa na Wakikuyu na Wajaluo, ilikuwa imedai kila jimbo liwe na bunge lake na madaraka yake, na Waingereza wakakubali. Mboya aliiona katiba hiyo kuwa mtego uliofumwa na walowezi, ghali, mzito, usioweza kuongoza nchi maskini. Septemba na Oktoba 1963, katika mkutano wa mwisho London, alipigania irahisishwe. Baada ya uhuru kazi iliyobaki aliifanya Nairobi. Fedha za majimbo zilicheleweshwa, wabunge wa KADU walishawishiwa mmoja mmoja, mpaka Novemba 1964 chama hicho kikajivunja kwa hiari na kuingia KANU. Tarehe 12 Desemba 1964 Kenya ikawa jamhuri, yenye Rais aliye mkuu wa nchi na mkuu wa serikali pia. Mwaka uliofuata kiwango cha kura za kubadilisha katiba kikashushwa hadi asilimia 65 ya wabunge.

Kama mwanasheria wa chama, alifanya kazi safi. Hakuna aliyepigwa risasi kwa sababu ya majimbo, na mengi yalipitia bungeni kwa mjadala. Lakini aliijenga nguvu ya urais akimfikiria Kenyatta, mzee aliyemheshimu na kumwamini. Hofu ya Wapwani, Wakalenjin na Waluhya wa KADU aliichukua kama woga wa watu wasioona mbali. Ilichukua hadi 2010 kwa Kenya kuirudisha mikononi mwa wananchi sehemu ya madaraka yaliyokusanywa Nairobi mwaka ule, safari hii kwa jina la ugatuzi na kaunti 47.

Katiba ya jamhuri aliyoisimamia ilikuwa na kifungu kingine ambacho kingemgusa yeye binafsi: Rais akifa akiwa madarakani, Bunge ndilo lingemchagua mrithi. Tutakutana nacho tena.

Desemba 1964 alipewa Wizara ya Mipango na Maendeleo ya Uchumi, na huko alibaki hadi kufa kwake. Wengi walidhani ameshushwa. Wizara haikuwa na polisi, haikuwa na mashamba ya kugawa, wala haikushika mkoba wa Hazina. Lakini kila wizara iliyotaka kujenga barabara, shule au kiwanda ilibidi ionyeshe mahali pake katika mpango wa taifa, na mpango ulikuwa mezani kwa Mboya. Naibu wake, Mwai Kibaki, alikuwa mchumi aliyewahi kufundisha Makerere. Wataalamu wa kigeni walikuwapo pia.

Miezi ile ya mwanzo wa 1965 ilikuwa ya joto kali. Ndani ya KANU kulikuwa na kambi mbili. Makamu wa Rais Oginga Odinga na wenzake kama Bildad Kaggia walitaka mashamba ya walowezi yagawiwe wasio na ardhi bila kulipishwa, na baadhi ya mali kubwa itaifishwe. Mwenzao mwenye mikakati, Pio Gama Pinto, mbunge aliyezaliwa Nairobi na wazazi wa Kigoa, aliuawa kwa risasi nje ya nyumba yake tarehe 24 Februari 1965. Wiki chache baadaye Mboya aliwasilisha Waraka wa Kikao Nambari 10, kuhusu Ujamaa wa Kiafrika na namna utakavyotumika katika mipango ya Kenya. Bunge liliupitisha. Kenyatta, katika utangulizi wake, alieleza kwamba waraka huu unamaliza ubishi kuhusu njia ya uchumi.

Ukiusoma leo unakuta ni waraka wenye akili nyingi. Unaanza na mila, kwamba jamii ya Kiafrika ilijua usawa wa kisiasa na wajibu wa kusaidiana, hivyo haihitaji kuazima wala ubepari wa Magharibi wala ukomunisti wa Mashariki. Unataja shabaha: uhuru kutokana na ufukara, maradhi na unyonyaji, nafasi sawa kwa wote, kipato kinachokua na kugawanywa kwa haki. Kisha unaingia katika hesabu, na hapo sauti inabadilika. Mali binafsi italindwa. Kutaifisha kutafanyika pale tu penye haja, na kwa fidia. Mtaji wa kigeni unakaribishwa. Nyerere wa Tanzania alikuwa amekwisha kuandika juu ya ujamaa mwaka 1962, na Februari 1967 angeitangaza Arusha azimio la njia nyingine kabisa. Majirani wawili walitumia neno lile lile kuziongoza nchi zao pande mbili tofauti.

Lakini fungu la waraka lililoamua maisha ya watu wengi zaidi halizungumzii kutaifisha. Ni lile linalosema fedha za maendeleo ziwekezwe pale zitakapozaa mavuno makubwa zaidi, yaani sehemu zenye ardhi nzuri, mvua ya kutosha, barabara na umeme, na watu walio tayari kushiriki. Ziada itakayopatikana ndiyo itakayosaidia sehemu nyingine baadaye. Kwa mchumi ni hoja ya kawaida. Ukiiweka juu ya ramani ya Kenya, maana yake ni Mkoa wa Kati, sehemu za Bonde la Ufa na miji. Haimo Turkana. Haimo Wajir wala Mandera wala Garissa, ambako wakati ule ule serikali ilikuwa ikipigana vita vya Shifta na wakazi waliishi chini ya sheria za dharura. Haimo Tana River.

Kijana mmoja mchumi aliliona tatizo mapema. Julai 1965, katika East Africa Journal, Barack Obama, baba wa yule atakayekuja kuwa Rais wa Marekani, na rafiki wa Mboya tangu siku za safari za masomo, aliuchambua waraka huo bila kumung'unya maneno. Aliuliza ni ujamaa gani huu usiogusa namna mali ilivyogawanyika, na jinsi gani Mwafrika atamiliki uchumi wa nchi yake mwenyewe kama utaachwa ulivyo. Kwamba rafiki aliweza kumkosoa waziri hadharani na kuchapishwa, na urafiki ukaendelea, ni jambo la kumheshimu Mboya kwalo. Kwamba hoja zake hazikubadilisha mstari wowote, ni jambo la kusikitika.

Simtuhumu Mboya kwa kuichukia kaskazini. Alihesabu kama mtu mwenye shilingi chache na nchi kubwa. Kosa lilikuwa katika lile neno baadaye, lisilowekewa mwaka wala kiwango. Waliopata kwanza walipata na nguvu ya kuamua nani afuate, na hawakuamua kumpisha mwingine. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 204, ilibidi ianzishe Mfuko wa Usawazishaji wa nusu asilimia ya mapato ya serikali kila mwaka, kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika sehemu zilizoachwa nyuma. Hata mfuko huo umekuwa ukitolewa kwa kusuasua.

Wizara yake ilifanya mengine ambayo hayatajwi sana. Sensa ya 1962 ilikuwa imehesabu watu milioni 8.6, na watakwimu waliona ongezeko la zaidi ya asilimia 3 kwa mwaka. Mwaka 1965 Mboya aliwaalika wataalamu wa idadi ya watu kutoka Marekani, na mwaka 1967 Kenya ikawa nchi ya kwanza kusini mwa Sahara kuanzisha mpango wa taifa wa upangaji uzazi. Kwa waziri Mkatoliki, katika siasa ambamo Waafrika wengi walishuku kila ushauri wa mzungu kuhusu idadi yao, huo ulikuwa ujasiri. Katika miaka hiyo hiyo serikali iliunda NSSF, akiba ya uzeeni ya wafanyakazi, mwaka 1965, na bima ya hospitali, NHIF, mwaka 1966.

Na mwaka 1966 palifanyika Kericho mkutano uliowakusanya maofisa na wasomi kuzungumzia elimu, ajira na maendeleo ya vijijini. Vijana waliomaliza shule ya msingi walikuwa wakimiminika mijini bila kazi. Hesabu za mpango zilionyesha uchumi unakua, lakini ajira za mishahara hazikui kwa kasi ile. Mboya mwenyewe alianza kuzungumza zaidi kuhusu mashamba madogo, barabara za vijijini na masoko. Nadhani hapa alikuwa akianza kuuona upungufu wa waraka wake, ingawa hakusema hivyo.

Siasa hazikumwachia nafasi ya kulifuata wazo hilo kwa utulivu. Machi 1966, akiwa katibu mkuu wa KANU, alipanga mkutano wa Limuru ulioifuta nafasi ya makamu mmoja wa rais wa chama na kuweka makamu wanane, mmoja kwa kila mkoa. Odinga, aliyelengwa, alijiuzulu na kuanzisha chama cha KPU. Kwa haraka ya siku chache katiba ikabadilishwa ili mbunge anayehama chama arudi kwa wapigakura. Juni 1966 uchaguzi mdogo wa viti 29 ukafanyika, KPU ikapata 9. Ilikuwa kazi ya Mboya kutoka mwanzo hadi mwisho, imetekelezwa kwa ustadi wake wote. Ilimwondolea mpinzani mkubwa, ikamwacha pia bila mwenzake wa Kijaluo mwenye uzito ndani ya serikali, mbele ya watu waliomzunguka Kenyatta ambao sasa hawakuwa na wa kumwogopa ila yeye.

Mei 1968 Kenyatta alipatwa na kiharusi akiwa pwani. Alipona, lakini kila mtu mkubwa serikalini alikuwa amekwisha kupiga hesabu. Kifungu cha urithi kilisema Bunge litachagua, na bungeni Mboya alikuwa na marafiki wengi kuliko mwanasiasa mwingine yeyote. Kabla mwaka haujaisha kifungu kilibadilishwa. Sasa Makamu wa Rais, Daniel arap Moi, angeshika urais kwa siku 90 hadi uchaguzi ufanyike. Na mgombea urais awe na umri usiopungua miaka 35. Umri wa 40 ndio uliotajwa kwanza. Mboya alikuwa na miaka 37, na hakuna Mkenya aliyefuatilia siasa ambaye hakujua kipimo hicho kilichukuliwa kwenye mwili wa nani. Njia iliyotumika ni ile aliyoisafisha yeye, ya katiba kubadilishwa upesi na wingi wa chama. Kwa uaminifu wake kwa serikali, alibaki barazani.

Mei 1969 alikwenda kuipigia KANU kampeni katika uchaguzi mdogo wa Gem, baada ya kifo cha waziri Argwings-Kodhek katika ajali ya gari, na KPU ikashinda. Mwanzoni mwa Julai alirudi kutoka Addis Ababa, kwenye mikutano ya Tume ya Uchumi ya Afrika. Jumamosi tarehe 5, saa saba mchana hivi, alikuwa akitoka katika duka la dawa la Chhani, Government Road, ambayo leo ni Moi Avenue, alipopigwa risasi. Alikata roho kabla ya kutibiwa hospitali. Angetimiza miaka 39 mwezi uliofuata.

Nahashon Isaac Njenga Njoroge alishtakiwa, akahukumiwa, na Novemba akanyongwa. Mahakama haikutoa jibu kuhusu aliyemtuma. Siku ya misa ya wafu katika Kanisa la Familia Takatifu, gari la Rais lilipigwa mawe na polisi wakatumia mabomu ya machozi. Maiti ilisafirishwa kwa barabara hadi Rusinga huku watu wakijipanga njiani mji kwa mji. Oktoba, Kenyatta alipokwenda Kisumu kufungua hospitali, umati ukazomea, walinzi wakafyatua risasi, watu wakafa, na siku chache baadaye KPU ikapigwa marufuku. Mtu aliyeomba kura za Wakikuyu wa Nairobi na kuzipata alizikwa katika nchi iliyokuwa imegawanyika kwa kabila kuliko wakati wowote alipokuwa hai.

Baada ya uchaguzi mkuu wa Desemba 1969 Kibaki alipewa Hazina na Mipango pamoja, wizara moja. Mpango wa maendeleo wa 1970 hadi 1974, uliotayarishwa katika ofisi ya Mboya, uliweka maendeleo ya vijijini mbele, na kutokana na mazungumzo ya Kericho ukaanzishwa mradi maalumu wa kujaribu njia hiyo katika sehemu chache kwanza. Zilichaguliwa sehemu 6 za kuanzia, baadhi yake zile zile ambazo hesabu ya 1965 isingezifikia upesi: Kapenguria, Mbere, Migori, Vihiga, Tetu na Kwale.